Chakula cha Mgonjwa

Kijana wa mashine hakuinua hata uso. "Unakoboa au dona?" Nikamjibu dona. Dada aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, ndoo yake ya mahindi ikiwa bado kichwani, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole kaka. Una sukari?"

Sina. Nilijitetea pale kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi: kwamba naipenda tu, kwamba nimekulia hivyo, kwamba inashibisha. Hakuna aliyeniamini. Kijana akamwaga mahindi yangu kwenye mdomo wa mashine, na yule dada akabaki akitikisa kichwa taratibu, kama anayesema wanaume bwana, hata ugonjwa wanauficha.

Wiki kadhaa zimepita na swali lile bado ninalo. Halikuwa swali la ajabu. Mtaani kwetu mtu mzima mwenye kipato chake akila dona ana sababu, na sababu yenyewe mara nyingi imeandikwa na daktari. Mjomba wangu alikula sembe hadi akavuka miaka sitini. Siku aliyotoka kliniki na karatasi ya majibu ndiyo siku dona ilipoingia nyumbani kwake, na ilisongwa kwenye sufuria ya peke yake. Mkewe na watoto waliendelea na sembe. Ukifika pale jioni ulikuta ugali wa aina mbili mkekani: mweupe wa wazima, na wenye vidoadoa wa mgonjwa, umefunikwa kwa sahani ili watoto wasiuchokonoe.

Ukishaliona hilo, unaanza kuliona kila mahali. Matunda tunayanunua tukienda kumjulia mtu hali hospitali, machungwa na ndizi mbivu kwenye mfuko mbadala, na tukirudi nyumbani hatuyanunui tena mpaka mwingine alazwe. Uji wa ulezi ni wa mzazi. Mtori ni wa mama aliyejifungua, waulize Wachaga. Juisi ya rozela ni ya mjamzito aliyeambiwa damu iko chini. Mboga ya kuchemsha yenye chumvi kidogo ni ya mwenye presha, na akiila mbele za watu huomba radhi. Mtu mzima wa afya njema, mwenye shukrani kwa Mungu, anakula sembe, chipsi na soda baridi.

Kwa hiyo napingana na wanaosema hatujui chakula bora. Tunakijua vizuri, hata tunajua siku ya kukitoa. Tumekipangia wodi tu.

Turudi mashineni, maana pale ndipo mlo unapoamuliwa, siku kadhaa kabla ya sufuria kuwekwa jikoni. Punje ya hindi ina vitu vitatu: ganda la nje, kiini kidogo kule kwenye ncha, na wanga unaojaza sehemu iliyobaki. Kiini ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa punje, lakini karibu mafuta yote ya hindi yamo humo, pamoja na sehemu kubwa ya madini yake. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi. Kinu cha kukoboa kinaondoa vyote viwili kwa mkupuo mmoja, kinatema pumba upande huu, na upande wa pili vinabaki vipande vyeupe vya wanga, ambavyo ndivyo vinavyosagwa kuwa sembe. Wapo wanaoviloweka kwanza siku mbili tatu ili weupe ukolee, na maji yakimwagwa yanaondoka na vitamini za kundi B zilizokuwa zimesalia.

Mteja analipa mara mbili, kukoboa na kusaga, kisha anarudi na unga pungufu. Gunia la kilo 100 likikobolewa linaweza kurudisha kilo 70 hadi 80, kutegemea mashine na mkono wa anayeiendesha. Zilizobaki ni pumba. Jirani yangu anayefuga kuku wa mayai hupita pale kila Jumamosi na viroba vyake kuzinunua. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiwape kuku sembe, chakula kizuri cha watu. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Kuku ukimlisha sembe tupu, alisema, anakutazama tu.

Weupe huu hatukuzaliwa nao. Hindi lenyewe ni mgeni kutoka Amerika. Kabla yake watu wa huku walikula mtama, ulezi na uwele, na pwani walioka mofa za mtama. Wazee wetu wanaukumbuka "unga wa Yanga", ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliopewa jina kwa rangi ya jezi za timu ya Jangwani. Ulikuwa unga wa njaa na wa foleni. Kwa hesabu ya lishe mahindi ya njano yanaushinda huu weupe wetu, kwa kuwa yana viasili vya vitamini A, lakini nani alikuwa na nafasi ya kufikiria hayo akiwa kwenye foleni ya mgawo? Mtoto wa leo hajauona unga ule, dharau yake amerithi. Sembe nyeupe ikawa kama cheti kwamba nyumba hii haina shida. Dona ikabaki ya bweni na gerezani, na miaka hii ya karibuni ikapandishwa cheo ikawa ya kliniki.

Sitaki kuifanya dona malaika. Kiini kilekile chenye mafuta na madini kina asidi ya fitiki, ambayo hushikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri mwilini. Mtu akikuambia dona inaongeza damu, mpunguzie nusu. Bibi zetu walilishughulikia jambo hili bila kulijua jina: uji wa kuchachua, togwa, nafaka iliyooteshwa ikawa kimea, vyote hupunguza asidi ile na kuyaachia madini. Kuna na njia ya mkato. Kamulia limau kwenye maharage, au yafuatishie chungwa, na chuma kitafyonzwa zaidi. Teremshia mlo huohuo chai ya rangi, kama tufanyavyo nyumba nyingi, na sehemu ya faida hiyo inapotea. Chai ingeweza kungoja saa moja. Haina haraka, haraka ni yetu.

Na kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, ambayo si ya kufanyia mzaha. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 20 kati yao walikufa. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, waliokufa walikuwa 125. Sumu hii hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huondoa sehemu yake, na kuchemsha hakuiondoi. Anayekula dona hana budi kuyajua mahindi yake: yameanikwa juu ya turubai au yametandazwa kwenye udongo, yamechambuliwa punje zilizooza na kutobolewa, yamekaa wapi wakati wa mvua. Mimi huchambua kwenye ungo kabla ya kwenda mashineni, na punje zenye ukungu hazifiki hata kwa kuku wa jirani. Ni kazi ya nusu saa, inachosha mgongo, na ninaelewa kabisa anayeona ni heri akoboe yaishe.

Kuna kinyume kimoja hapa ambacho nashangaa hakizungumzwi. Kwa kanuni za mwaka 2011, Tanzania inataka unga wa viwandani wa ngano na wa mahindi uongezwe virutubishi, yaani chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Kenya nayo ililifanya jambo hili kuwa la lazima mwaka 2012. Unga wa ngano unatoka kwenye viwanda vikubwa vinavyohesabika, kwa hiyo kuusimamia kunawezekana. Mahindi yetu mengi yanasagwa kwenye mashine za mtaani kama ile ya kwetu, na posho mill za wenzetu wa Kenya ni hivyo hivyo, ambako mara nyingi hakuna anayeongeza kitu. Matokeo yake andazi la asubuhi linaweza kuwa na asidi ya foliki, na ugali wa sembe wa mchana usiwe nayo. Sembe ya mtaani imevuliwa cha asili na haikuvishwa cha kiwandani. Lipo shirika, Sanku, lililofunga kwenye mashine ndogo hapa nchini kifaa kinachochanganya virutubishi huku unga ukisagwa. Ningependa kukiona kwenye kila mtaa, kwa sababu hakimuombi mtu abadilishe tabia.

Mafuta yana safari yake. Vitamini A na mwanga haviivani, na mafuta ya kupima yanashinda juani kibarazani kwa mwenye duka, kwenye ndoo au chupa inayoonyesha. Anayeweza anunue yaliyofungwa, ayaweke kabatini. Anayenunua ya shilingi mia tano kwa siku sina la kumwambia, zaidi ya kumwomba mwenye duka asogeze ndoo kivulini.

Lakini kinachonisumbua kuliko yote kiko Nyanda za Juu Kusini. Iringa, Njombe na Rukwa ni ghala la nchi. Mwaka ukiwa mbaya kwingine, macho yote huelekea huko. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto. Njombe hiyohiyo ndiyo ya maparachichi yanayopangwa moja moja kwenye maboksi kwenda kuuzwa Ulaya.

Sababu ni nyingi, na anayekutajia moja tu mtilie shaka. Kuna mama anayeshinda shambani tangu alfajiri na mtoto anayeachiwa dada yake wa miaka minane. Kuna kuhara kusikoisha, kunakotokana na maji na vyoo. Kuna uji mwepesi wa sembe mara mbili kwa siku, wakati tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake na lingehitaji kidogo kidogo, mara nyingi, chenye uzito. Mimi naongeza moja ya kwangu: mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Hana homa, hajavimba, anakimbiza kuku uani na wenzake. Ni mfupi tu, na "ukoo wetu ndivyo ulivyo". Kwa kuwa haumwi, hajastahili chakula cha mgonjwa. Yai linangoja mgeni, parachichi linangoja gari la mnunuzi, na maziwa yakipatikana yanaunga chai ya baba.

Sasa tazama tunavyowashauri watu. Kila siku simu yangu inapokea ujumbe wa lishe, na kila ujumbe ni cheti cha dawa. Mbegu za maboga kwa tezi dume. Rozela kwa damu. Bamia kwa magoti. Hata muhogo mbichi, nazi na karanga, vitafunio vya watu wanaongoja daladala, vinauzwa Kariakoo kama dawa ya ndoa, na mnunuzi huvila akiwa ametazama pembeni. Wataalamu wenyewe hawako mbali na hapo. Mabango ya zahanati nayo yanapanga vyakula kwa magonjwa. Mengine ni kweli, mengine ni biashara. Yote yanakiweka chakula kwenye kabati la dawa, na dawa mtu akipona anaiacha. Mjomba alikula dona miezi minne. Vipimo vilipokaa sawa akarudi kwenye sembe kwa shangwe, kama mtu aliyefunguliwa plasta ya mguu, na sufuria ndogo ikaenda kuwa ya kuchemshia maji.

Lugha nayo haitusaidii. Chakula ni ugali au wali, na vingine vyote ni mboga. "Leo mboga nini?" "Nyama." Mtu aliyekula maembe mawili, muhogo wa kuchoma na karanga atakuapia kwamba hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Mboga kazi yake ni kusukumia tonge. Fungu la mchicha linalogawanywa kwa watu watano, likishasinyaa kikaangoni, ni vijiko viwili kila mmoja, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Hapo hatujafika hata robo. Ndiyo maana ningeambiwa nibadilishe kitu kimoja tu nyumbani, ningeacha mjadala wa unga nikapunguza tonge na kuzidisha mboga. Mafungu mawili badala ya moja. Dagaa wakawa wa katikati ya wiki, badala ya kungojwa tarehe mbaya za mwezi: wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo chokaa ya mwili imo, na ukimpima dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Tunawaita chakula cha shida huku wafugaji wakigombania magunia yake kwa ajili ya kuku. Hao kuku tena.

Utasema pesa. Kwa mayai, maziwa na nyama ni kweli, na anayemwambia mama wa watoto sita "kula mlo kamili" bila kumuuliza ana shilingi ngapi anajifurahisha. Lakini dona ni rahisi kuliko sembe, na fungu la matembele halifiki bei ya soda. Kinachobana zaidi, kwa ninavyoona jikoni kwetu, ni mkaa na muda. Maharage makavu yanakula mkaa. Kuyaloweka usiku kunapunguza, ila kuna siku unakumbuka saa kumi na mbili jioni. Nairobi wamelitatua hilo kibiashara: akina mama wanauza maharage na githeri, yaani mahindi na maharage pamoja, vilivyokwisha kuchemshwa, wanapima kwa kikombe, na mama mboga anakukatia sukuma wiki palepale, wewe ukifika nyumbani unaunga tu. Halina bango wala ujumbe wa simu, lakini naamini limeweka majani na kunde kwenye sahani nyingi kuliko semina zetu.

Na sisi tuna mama ntilie. Sahani bora ya mchana ninayoijua Dar es Salaam haiko kwenye mgahawa wenye picha za saladi ukutani. Iko chini ya mwembe karibu na ninapofanyia kazi: wali au ugali, maharage ya nazi, matembele, kipande cha samaki, kachumbari, na pembeni ndizi mbivu au tikiti, ambalo halina bei, linakuja nalo tu. Ihesabu: wanga, kunde, majani, samaki, tunda. Kasoro zake nazijua. Mlima wa wali ungetosha watu wawili, na mkono wa chumvi ni mzito, wakati posho ya siku nzima kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo hakuna pale anayeila sahani ile kwa sababu ya vipimo. Wanaila kwa kuwa ni saa saba na wana njaa, mafundi wa pikipiki na makarani wa benki kwenye benchi moja.

Ugali wake nimeushuku muda mrefu. Kwa mbali ni mweupe, ukiukaribia una vidoa. Wiki iliyopita nilichelewa, wateja wameshaondoka, anasugua sufuria. Shikamoo mama. Marahaba baba. Nikamuuliza. Akatazama kushoto na kulia.

"Nachanganya. Sembe mbili, dona moja."

Si kwa ajili ya afya ya mtu. Dona inashibisha, alisema, hawaombi kuongezwa, na mashineni anaokoa hela ya kukoboa. Wateja wanausifu, wanasema ugali wake una ladha na hawajui ladha inatoka wapi. Nikamwambia basi aandike kwenye kibao chake: ugali wa dona. Akanitazama vilevile kama yule dada wa foleni.

"Niandike dona, nimuuzie nani? Wagonjwa hawaji kula kwangu, baba."

Kisha akanikwangulia matembele yaliyobaki chini ya sufuria, yale yaliyoshikana na karanga, na akatafuta kwenye beseni kama kuna tikiti lililosalia.